Mhusika Anayekumbuka: Historia ya Kina na Ukuaji wa Wahusika katika Katuni za Televisheni za Watoto

Utangulizi

Katika mihadhara ya fasihi ya watoto kuna kauli moja ambayo hurudiwa mara nyingi hata imekuwa kama kanuni isiyohitaji ushahidi. Husemwa kwamba mhusika wa hadithi ya watoto hana budi kuwa bapa: awe mwema tangu mwanzo hadi mwisho, au awe mwovu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu akili ya mtoto haiwezi kumfuata mtu anayegeuka. Wanafunzi wetu huiandika kauli hiyo katika insha zao, nasi walimu huwapa alama. Mwandishi wa makala haya naye amepata kuwapa wanafunzi alama hizo, na amepata kuifundisha kauli yenyewe. Makala haya ni jaribio la kuichunguza upya na, kwa kadiri ushahidi unavyoruhusu, kuikanusha.

Uwanja tuliouchagua ni historia ya katuni za televisheni zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto. Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuona vibonzo vikijadiliwa katika jarida la lugha za Kiafrika. Jibu letu ni kwamba kauli tunayoipima ni kauli ya jumla juu ya mtoto na hadithi, wala haikuwekewa mpaka wa lugha au nchi. Tena, ni vigumu kupata utanzu mwingine ambamo ubapa wa mhusika umetawala kwa muda mrefu kama ulivyotawala katika katuni hizo. Kwa hiyo, tukitaka kujua chanzo cha ubapa, hapo ndipo pa kuanzia.

Hoja yetu ni hii: ubapa wa mhusika wa katuni haukutokana na udhaifu wa akili ya mtoto, bali ulitokana na jinsi katuni zilivyochorwa, zilivyouzwa na zilivyopangwa kuonyeshwa. Masharti hayo yalipobadilika, mhusika naye alibadilika, na watoto wakamfuata. Mfano wetu mkuu utakuwa mfululizo wa Kimarekani uitwao Avatar: The Last Airbender, ulioonyeshwa kati ya mwaka 2005 na 2008, na hasa mhusika wake mmoja, mwanamfalme Zuko.

Istilahi

Mgawanyo wa wahusika kuwa bapa na duara tuliupokea kutoka kwa E. M. Forster, mwandishi Mwingereza, aliyeueleza katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927. Kwake yeye mhusika bapa ni yule awezaye kuelezwa kwa sentensi moja, na mhusika duara hutambulikana kwa uwezo wake wa kutushangaza kwa njia inayosadikika. Masharti hayo ni mawili, na la pili aghalabu husahauliwa. Mshangao usiosadikika si uduara. Ni ugeugeu tu.

Kwa madhumuni ya makala haya tutatenga mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kina ni wingi wa mambo yaliyomo ndani ya mhusika kwa wakati mmoja: haja zake, hofu zake, mapenzi yake, na jinsi mambo hayo yanavyopingana. Ukuaji ni mabadiliko ya mambo hayo kadiri muda unavyopita. Mhusika aweza kuwa na kina bila kukua. Lakini hawezi kukua pasipo kitu cha tatu, nacho ni kumbukumbu. Yaani, yaliyompata jana hayana budi kuwamo ndani yake leo. Kumbukumbu hiyo ndiyo tutakayoifuata katika historia hii.

Msomaji hatakosa kuona kwamba fasihi ya Kiswahili yenyewe imepata kukabili suala hili. Katika Kusadikika (1951) Shaaban Robert aliwapa wahusika wake majina ya sifa zao. Karama ni karama, na Majivuno ni majivuno. Jina likiisha kutajwa, mhusika amekwisha elezwa. Miaka 20 baadaye, katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi alituwekea mbele yetu binti ambaye jina lake halitoshi kumweleza. Ili kumjua Rosa hatuna budi kuujua ukali wa Zakaria baba yake, na kuyafuata yaliyompata hatua kwa hatua. Hatusemi kwamba riwaya ya pili ni bora kuliko ya kwanza, maana istiara ya Shaaban Robert iliyahitaji majina yale. Tunalosema ni kwamba hapana mhakiki makini awezaye kuieleza tofauti hiyo kwa kudai kwamba wasomaji wa mwaka 1951 walikuwa na akili ndogo. Sababu huitafuta katika historia na katika mahitaji ya fani. Haki hiyo hiyo bado hatujampa mtoto.

Katuni isiyokumbuka

Mwaka 1957 kampuni ya filamu ya MGM ilifunga idara yake ya katuni, na William Hanna na Joseph Barbera, waliokuwa wametengeneza Tom and Jerry kwa ajili ya majumba ya sinema, wakageukia televisheni. Fedha za televisheni zilikuwa chache mno zikilinganishwa na zile za sinema, na muda wa kazi ulikuwa mfupi. Ufumbuzi wao ulikuwa kuchora kidogo kwa kadiri iwezekanavyo. Katika picha nyingi kiwiliwili hakisogei. Husogea kinywa, au jicho, au mkono peke yake. Wengi wa wahusika wao, kama vile Yogi Bear, walivikwa kola na tai ili kichwa kiweze kuchorwa mbali na kiwiliwili na maungio yasionekane. Michoro iliyokwisha kuchorwa iliwekwa akiba na kutumiwa tena na tena.

Tutafakari maana ya utaratibu huo kwa mhusika. Ikiwa mchoro wa jana utahitajika kesho, basi mhusika hawezi kunyoa, hawezi kukonda, hawezi kuzeeka wala kubadili nguo. Fred Flintstone, ambaye mfululizo wake uliendelea kwa vipindi 166 kati ya mwaka 1960 na 1966, huvaa vazi lile lile kana kwamba alizaliwa nalo. Hata binti yake alipozaliwa katika kipindi cha mwaka 1963, Fred aliendelea kuwa Fred yule yule. Hapa ubapa wa tabia ulikwenda sambamba na ubapa wa mchoro, na wote wawili walikuwa watoto wa bajeti moja.

Sababu ya pili ilikuwa ya biashara. Vipindi vilipokwisha kuonyeshwa mara ya kwanza viliuzwa kwa vituo mbalimbali, navyo viliweza kuvirudia kwa mpangilio wowote. Kipindi cha kumi kiliweza kutangulia cha tatu, na mtazamaji hakupaswa kupotea. Kwa hiyo kila kipindi kilianzia mahali pale pale na kurudi mahali pale pale. Scooby-Doo, iliyoanza mwaka 1969, ni mfano mwafaka. Wiki hadi wiki jitu la kutisha huvuliwa barakoa, na chini yake huonekana binadamu mlaghai. Na wiki ifuatayo Shaggy na mbwa wake hutetemeka tena kana kwamba hawajapata kuona barakoa maishani mwao. Si kwamba watoto waliokuwa wakitazama walisahau. Waliosahau ni wahusika, na walisahau kwa sababu walilazimishwa kusahau.

Sababu ya tatu ilikuwa bidhaa. Kampuni ya Mattel ilianza kuuza wanasesere wa He-Man na maadui zake mwaka 1982, na mwaka 1983 ukatoka mfululizo wa katuni uliotengenezwa na Filmation, vipindi 130 kwa jumla, yaani misimu miwili ya vipindi 65. Idadi hiyo ya 65 ni hesabu ya biashara: siku 5 za wiki kwa wiki 13. Mwaka 1984 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia utangazaji iliondoa mipaka iliyokuwapo juu ya muda wa matangazo ya biashara, na njia ya katuni za namna hii ikapanuka. Mwanasesere aliyeuzwa dukani kwa sura ya uovu hakuwa na nafasi ya kutubu katika televisheni. Jambo la kuzingatia ni kwamba vipindi vya He-Man vilimalizika kwa mawaidha mafupi yaliyoelekezwa kwa mtoto moja kwa moja. Kwa maoni yetu mawaidha hayo ni ungamo la kifani. Somo lilitolewa nje ya hadithi kwa sababu ndani ya mhusika hapakuwa na mahali pa kulitia.

Dalili za mabadiliko

Haya hayakuwa hivyo kila mahali. Mwaka 1974 televisheni ya Fuji nchini Japani ilionyesha mfululizo wa vipindi 52, ulioongozwa na Isao Takahata, kutokana na riwaya ya Johanna Spyri juu ya Heidi, yatima wa milima ya Uswisi. Kipindi kilionyeshwa kimoja kwa wiki, mwaka mzima. Kwa kuwa hadithi ilisonga kwa mpangilio, watazamaji walimwona mtoto huyo akihamishwa kutoka milimani hadi Frankfurt, akiugua kwa majonzi ya kutamani kwao, kisha akirudi. Walimwona na rafiki yake Clara, aliyekuwa katika kiti cha magurudumu, akijifunza kusimama polepole. Mfululizo huo ulikusudiwa watoto na ulipendwa nao. Lau kauli yetu ya darasani ingalikuwa kweli, wangalishindwa kuufuata.

Huko Marekani mabadiliko yalikuja kidogo kidogo. Katika mfululizo wa Batman ulioanza mwaka 1992, kipindi kimoja kilichoandikwa na Paul Dini na kuongozwa na Bruce Timm kilimchukua adui wa zamani, Mr. Freeze, ambaye kabla ya hapo alikuwa mhalifu mwenye mzaha wa barafu tu, kikampa mke mgonjwa ambaye alikuwa akijaribu kumwokoa. Mtoto aliyekaa kumchukia adui huyo alijikuta akimhurumia. Hapa twaona faida ya kutenga kina na ukuaji. Katika dakika zipatazo 22 mhusika huyu alipata kina, lakini hakupata kukua, kwa maana saa ilikuwa imekwisha. Kina chaweza kupatikana kwa kipindi kimoja kizuri. Ukuaji unahitaji vingi, tena vilivyopangwa.

Kitabu chenye sura 61

Avatar ilianza kuonyeshwa na Nickelodeon tarehe 21 Februari 2005, na ikamalizika tarehe 19 Julai 2008. Waasisi wake ni Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, mkuu wa waandishi alikuwa Aaron Ehasz, na sehemu kubwa ya kazi ya kuhuisha michoro ilifanywa na studio za Korea Kusini. Ulimwengu wake ni wa kubuni, nao umejengwa kwa kuazima mno kutoka tamaduni za Asia. Una mataifa manne, ya Maji, Udongo, Moto na Hewa, na katika kila taifa wamo watu wenye uwezo wa kuiamuru asili ya taifa lao. Mtu mmoja tu, Avatar, aweza kuziamuru zote nne. Hadithi inapoanza Taifa la Moto limepigana na ulimwengu kwa miaka 100, na Avatar, mvulana wa miaka 12 aitwaye Aang, anapatikana ndani ya barafu alimokuwa amelala muda huo wote. Zuko, mwana wa Mtawala wa Moto, anamwinda.

Waasisi walifanya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo. Misimu yao mitatu waliiita vitabu, na kila kipindi wakakiita sura. Kitabu cha Maji kina sura 20, cha Udongo 20, na cha Moto 21, jumla 61. Majina hayo yalikuwa ahadi kwa mtazamaji, kwa kuwa kitabu husomwa kwa mpangilio na kina mwisho. Mfululizo ambao tangu mwanzo unaelekea mwisho unaweza kumruhusu mhusika asibaki alivyo, kwa sababu hakuna kesho isiyo na kikomo inayomdai.

Ahadi hiyo ilionekana hata katika mchoro. Katika Kitabu cha Kwanza Zuko amenyoa kichwa, akabakiza shungi moja la kifahari. Mwanzoni mwa Kitabu cha Pili, akiwa mtoro, analikata shungi hilo kwa kisu na kulitupa mtoni. Tangu hapo nywele zake huota, sura baada ya sura, hata mtazamaji aweza kuhesabu muda wa ukimbizi wake kwa kumtazama kichwani. Msomaji akumbuke kola ya Yogi Bear. Kule mchoro uliizuia hadithi. Hapa mchoro umekubali kugharimika ili hadithi ipite.

Kovu, anguko na safari ya kurudi

Zuko anaingia katika hadithi kama adui, mwenye kovu la moto lililofunika upande wa kushoto wa uso, hasira isiyokoma, na neno moja mdomoni: heshima. Kwa sura 11 mtazamaji hana sababu kubwa ya kumpenda. Katika sura ya 12 ndipo tunapoelezwa asili ya kovu. Akiwa na miaka 13 alihudhuria baraza la vita, akampinga jemadari aliyekusudia kuwatoa askari wageni wa vita wafe kama chambo. Kwa kosa la kusema aliamriwa kupigana pambano la moto. Alipogeuka kumkabili mpinzani wake alimwona si jemadari bali baba yake mwenyewe. Alikataa kupigana, akaomba radhi akilia. Baba akamchoma uso mbele ya watu, akamfukuza nchini, asirudi mpaka awe amemkamata Avatar.

Tangu hapo kila lililotangulia hupata maana mpya. Kovu tulilolidhani alama ya uovu ni alama ya huruma iliyoadhibiwa. Hiki ndicho kina, na mpaka hapa Zuko hajapita mbali na Mr. Freeze. Lakini Avatar ina sura nyingine 49.

Katika Kitabu cha Pili Zuko ni mkimbizi katika nchi ambayo taifa lake linaivamia. Pamoja naye yuko Iroh, ndugu mkubwa wa baba yake, ambaye zamani alikuwa jemadari na aliuzingira mji wa Ba Sing Se kwa siku 600, hata mwanawe alipouawa vitani akaondoa majeshi. Sasa mzee huyo anaingia katika mji ule ule kwa jina la bandia, anawaandalia chai watu aliokuja kuwateka. Zuko anafanya kazi ya kupeleka chai mezani. Karibu na mwisho wa kitabu hicho anamwachia huru mnyama wa Avatar, jambo lililo kinyume cha haja yake yote ya miaka mitatu. Kisha anaugua homa kali, na anapopona anaamka mchangamfu. Mwandishi wa mawaidha angalimaliza hapo. Somo limepatikana, mtoto amefunzika, na kila mtu aende akalale.

Waandishi wa Avatar hawakumaliza. Katika sura ya mwisho ya kitabu hicho, ndani ya pango chini ya mji, dada yake Azula anamwahidi heshima yake na mapenzi ya baba. Zuko anachagua upande wa dada. Avatar anaangushwa karibu na kufa, Iroh anafungwa gerezani, na Zuko anarudi nyumbani akiwa shujaa. Dakika chache kabla ya hapo Katara, msichana wa Kabila la Maji, alikuwa tayari kutumia maji yake ya pekee ya uponyaji kulitibu kovu lake.

Anguko hili ndilo kiini cha hoja yetu. Linatushangaza, na bado linasadikika, kwa sababu mtoto aliyechomwa na baba yake hutamani kupendwa na baba huyo kuliko anavyotamani kuwa mwema. Wengi wetu tumeona hayo nje ya katuni. Na linasadikika kwa yule tu anayekumbuka sura ya 12 ya Kitabu cha Kwanza. Mfululizo unamtegemea mtazamaji mdogo abebe kumbukumbu hiyo kwa muda wa mwaka na zaidi, wala haumkumbushi kwa mawaidha.

Katika Kitabu cha Tatu Zuko amepata yote aliyoyataka, na yote hayamtoshi. Anaketi tena katika baraza la vita, safari hii kwa fahari, kando ya baba yake. Shauri la kuiteketeza nchi ya watu wale aliowapelekea chai linakubaliwa, naye ananyamaza. Alipokuwa na miaka 13 alisema akaunguzwa. Sasa amenyamaza akasifiwa. Waandishi hawakuhitaji kueleza tofauti ya mabaraza hayo mawili. Kiswahili kinatusaidia kuitaja: heshima aweza mtu kupewa na mwingine, na aliyeitoa aweza kuichukua, utu hautolewi na mtu, hutendwa. Zuko alitafuta heshima mpaka alipogundua kwamba bei yake ni utu.

Hatimaye anamkabili baba yake kwa maneno, anamwambia kwamba kumchoma mtoto ulikuwa ukatili, kisha anaondoka kumfuata Avatar. Wala hapokewi. Anafanya mazoezi ya kujitambulisha mbele ya chura, anafika, anakataliwa, na kwa bahati mbaya anamchoma miguu mmoja wa wale anaotaka kuwaomba radhi. Akiisha kukubaliwa anagundua kwamba moto wake umemwishia, kwa kuwa chanzo chake kilikuwa hasira, na hasira haipo tena kama zamani. Inambidi atafute chanzo kingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi hana budi kulifua koleo jingine.

Wa mwisho kumsamehe katika kundi lile ni Katara, naye ana sababu, maana ndiye aliyetaka kumponya kabla ya usaliti. Wengine wamesonga mbele, yeye anakumbuka. Anamsamehe baada tu ya Zuko kumsaidia kumtafuta mtu aliyemuua mama yake. Akimpata mtu huyo Katara hamuui, wala hamsamehi. Sura hiyo moja, ya 16, inamwonyesha mtoto watu wawili waliokosa, mmoja akisamehewa na mwingine asisamehewe, na inamwachia yeye kutafuta tofauti. Swali hilo watu wazima hulikuta barazani na mahakamani, na hawaafikiani.

Zuko na Iroh wanakutana tena karibu na mwisho. Zuko anaketi katika hema karibu na mzee aliyelala, akingoja aamke, na anapoanza kuomba radhi mzee anamkumbatia kabla hajamaliza. Iroh hakuwa amemkasirikia. Alikuwa na huzuni kwa kuhofu kwamba kijana amepotea njia. Nguvu ya tukio hilo haikutokana na machozi, ambayo katuni yoyote yaweza kuyachora. Ilitokana na sura nyingi zilizotangulia.

Suala la nasaba

Liko jambo moja ambalo wachambuzi wa methali watalipenda. Sisi husema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Avatar inaikabili hoja hiyo waziwazi. Katika Kitabu cha Tatu Zuko anagundua kwamba ana mababu wawili wakuu: upande wa baba yuko Sozin, mfalme aliyeanzisha vita, na upande wa mama yuko Roku, Avatar aliyemtangulia Aang. Iroh anamweleza kwamba mapambano yaliyomo ndani yake yana asili hiyo. Mtazamaji mvivu atahitimisha kwamba wema wa Zuko umetoka katika damu ya mama. Lakini Azula ni dada yake wa baba na mama mmoja, na mababu wake ni wale wale. Damu ni moja. Waliotofautiana ni watoto, kwa malezi waliyoyapata na uamuzi walioufanya. Zuko alifuatwa ukimbizini na mtu mzima aliyempenda hata alipokosa. Azula alisifiwa kwa kutokosea kamwe, na siku alipokosea akili yake ikavunjika. Yeye naye ana kina, na mwendo wake ni wa kuporomoka.

Pingamizi

Yaweza kusemwa kwamba tumechagua mfano mzuri na kuficha dosari zake. Dosari zipo. Ozai, baba yao, ni bapa kabisa. Sentensi moja yatosha kumweleza. Vilevile Aang anapofika kwenye pambano la mwisho akiwa katika shida ya kweli ya dhamira, yaani kama imempasa kumuua Ozai, ufumbuzi anapewa na kiumbe wa ajabu anayetokea sura za mwisho. Ni muujiza wa namna ile tuijuayo katika hekaya, na haukukua kutoka ndani yake kama toba ya Zuko ilivyokua. Lakini dosari hizo zinaitetea hoja yetu. Pale waandishi walipotumia muda kuandaa, mhusika alisadikika. Pale walipoharakisha, ilibidi msaada utoke nje.

Ushahidi mwingine ni filamu ya mwaka 2010 iliyoongozwa na M. Night Shyamalan, iliyojaribu kukibana Kitabu cha Kwanza chote katika muda usiotimia saa mbili. Wahusika ni wale wale na matukio makuu ni yale yale, ila muda wa kukumbuka uliondolewa. Wahakiki waliilaumu vikali.

Pingamizi la pili ni kwamba watoto hutazama vita na vichekesho tu, na kina hiki huonwa na watu wazima. Hatukatai kwamba watoto hupenda vita. Lakini mpango wa hadithi unamhitaji mtazamaji ajue kwa nini Katara hasamehi, na kwa nini mwanamfalme aliyepata yote hana raha. Asiyejua hayo hana hadithi ya kufuata katika nusu ya Kitabu cha Tatu. Mfululizo ulionyeshwa katika kituo cha watoto, ukafika mwisho wake, na ukatunukiwa tuzo ya Peabody kwa mwaka 2008, ambapo ugumu wa wahusika ulitajwa miongoni mwa sifa zake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mhusika bapa wa katuni ana historia, na kwamba historia hiyo ni ya fedha, ya ratiba na ya maduka. Hatukukusudia kumdharau mhusika bapa. Sungura na Fisi wa ngano zetu wana kazi yao, na kazi hiyo haihitaji wakue. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliohuishwa hapa Nairobi na kuonyeshwa Uingereza kuanzia mwaka 2010, umefuata desturi ya ngano za kueleza asili ya wanyama: kila kipindi kina swali lake na jibu lake, na fani hiyo inafaa kwa lengo hilo. Kosa si kuandika wahusika bapa. Kosa ni kudai kwamba mtoto hawezi kupokea wengine.

Dai hilo lina madhara kwetu. Mwandishi chipukizi wa Kiswahili anayetaka kuwaandikia watoto hufunzwa na sisi kwamba mhusika wake asigeuke, kisha tunalalamika kwamba vitabu vya watoto ni mahubiri. Na mtoto anayesoma vitabu hivyo hukuta kwamba aliyekosa mara moja ni mkosaji daima, ilhali yeye mwenyewe alikosa jana na leo asubuhi akaomba radhi. Hadithi zetu zimemnyima picha ya jambo analolifanya kila siku.

Mwandishi wa makala haya ameifuta kauli ile katika maelezo yake ya mihadhara. Mahali pake ameandika swali, nalo analitoa kwa wenzake walifanyie utafiti katika ngano, katika hadithi za shule na katika vipindi vya televisheni vya hapa kwetu: mhusika huyu amepewa nafasi ya kukumbuka? Ikiwa hakupewa, ni nani aliyemnyima, na kwa sababu gani?